Laikipia na hadithi ya miaka 99: mkataba wa Wamaasai na Waingereza ulisema nini hasa?

Kila ukame unapobana na ng'ombe kuingizwa kwenye mashamba makubwa ya Laikipia nchini Kenya, mabishano yaleyale hufufuka. Upande mmoja husema: Waingereza walikodishiwa ile ardhi na Wamaasai kwa miaka 99, muda uliisha mwaka 2004, kwa hiyo warudishe. Upande wa pili hujibu kwamba makaratasi ya mkoloni yalikufa na uhuru, na kwamba habari za "wenyeji asilia" ni porojo, kwani Mwafrika gani si mwenyeji hapa? Wote wawili wamekosea, na wa kwanza amekosea kwa namna inayomdhuru yeye mwenyewe, maana anadai kwa hoja dhaifu ilhali anayo yenye nguvu zaidi.

Tuanze na maneno mawili. Mkataba wa ardhi kati ya mtu na mtu, au mtu na serikali, ni makubaliano ya kawaida: kuna mwenye mali, kuna anayekodi au kununua, na wakikosana wanakwenda mahakamani. Mkataba wa kidola ni kitu kingine. Huo hufungwa kati ya mataifa mawili, kila moja likiwa na mamlaka yake, na likivunja moja, lingine haliendi kwa hakimu wa wilaya. Ugomvi wote wa Wamaasai na serikali ya kikoloni ulikuja kugeukia swali hili: yale makaratasi yalikuwa ya aina gani?

Makaratasi yenyewe ni mawili. La kwanza lilitiwa saini Agosti 1904 huko Naivasha, kati ya Kamishna Sir Donald Stewart kwa niaba ya Uingereza na viongozi wa Wamaasai, Lenana akiwa mbele. Reli ilikuwa imeshafika Ziwa Victoria mwaka 1901, na serikali ilitaka walowezi wazungu wazalishe kitu cha kusafirisha, gharama ya reli irudi. Ardhi nzuri kandokando ya reli, kuanzia Naivasha hadi Nakuru, ilikuwa malisho ya Wamaasai. Nao walikuwa wametoka kwenye muongo mbaya kuliko yote waliyoyakumbuka: sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe, ndui ikafagia watu, na juu yake Lenana na ndugu yake Sendeyo wakapigania urithi wa baba yao, Mbatian. Serikali haikukutana na jamii iliyo katika nguvu zake.

Karatasi la 1904 linasema kwamba viongozi hao, kwa hiari yao wenyewe, wameona ni kwa faida ya watu wao kuhamia maeneo maalumu yaliyo mbali na reli na mbali na ardhi yoyote itakayofunguliwa kwa Wazungu. Maeneo hayo ni mawili: Laikipia upande wa kaskazini, na jingine kusini. Kati yake iachwe njia yenye upana wa nusu maili ili watu na mifugo wapite. Walibakishiwa pia kipande cha maili tano za mraba kwenye miteremko ya Kinangop kwa ajili ya sherehe za jando. Kisha inakuja sentensi ambayo kila Mmaasai aliyesoma historia yake anaijua: makubaliano haya yatadumu maadamu Wamaasai wangalipo kama watu, na walowezi wa Kizungu au wengineo hawataruhusiwa kuchukua ardhi ndani ya maeneo hayo.

Hakuna miaka 99 humo. Hakuna ukodishaji kabisa. Wamaasai hawakuwakodishia Waingereza Laikipia. Kinyume chake, Laikipia ndiyo waliyoahidiwa wao kuwa yao daima. Anayesema muda wa mkataba umekwisha anakubali bila kujua kwamba mkataba ulikuwa na muda.

Jambo moja dogo kuhusu siku ile. Maneno yale hayakutoka Kiingereza kwenda Kimaa moja kwa moja. Yalitafsiriwa kwanza kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, kisha wakalimani wengine wakayatoa kwenye Kiswahili kwenda Kimaa, na karatasi lenyewe linaeleza hivyo, na wakalimani wakaweka alama zao chini. Lugha hii tunayoandikia ndiyo iliyokuwa katikati. Ukitaka kujua kama mzee aliyeweka alama yake alielewa maana ya "kuhama kwa hiari", kumbuka kwamba sentensi ilimfikia ikiwa imepita midomo miwili.

Na Lenana mwenyewe alikuwa nani? Waingereza walimwita chifu mkuu. Wamaasai hawakuwa na cheo hicho. Alikuwa laiboni, mtu wa ibada na uaguzi, anayeheshimiwa na kuombwa ushauri, lakini asiye na mamlaka ya kugawa malisho ya seksheni zote, yaani makundi yote ya Wamaasai. Maamuzi ya namna hiyo yalikuwa ya wazee na viongozi wa marika. Serikali ilihitaji mtu mmoja wa kuweka saini, ikampata.

Miaka saba ilitosha

Karatasi la pili ni la Aprili 1911. Walowezi walikuwa wameshaitamani Laikipia, na Gavana Percy Girouard alitaka Wamaasai wa kaskazini wahamishiwe kusini, kwenye eneo lililoongezwa ukubwa. Sababu iliyotangazwa ilikuwa ya kupendeza: Wamaasai wamegawanyika pande mbili, hivyo waunganishwe. Mtu anaweza kuuliza ni nani aliyewagawa. Lenana alifariki mwaka huohuo, kabla ya saini, na serikali ikaeneza kwamba wosia wake ulikuwa watu wake wahamie kusini. Kiongozi wa kaskazini aliyeitwa Legalishu, au Ole Gilisho kwa jina lake sahihi zaidi, alipinga kwa muda mrefu kabla ya kuweka alama yake.

Uhamisho ulianza mwaka huohuo na ukaharibika njiani. Maelfu ya watu, ng'ombe na kondoo walisukumwa kuvuka milima ya Mau kwenye mvua na baridi, misafara ikakwama, mifugo ikafa, na zoezi likasimamishwa. Liliporudiwa 1912 na 1913 lilikamilika. Laikipia ikagawiwa walowezi. Girouard hakuufikia mwisho huo akiwa gavana: aliondoka 1912, baada ya London kubaini kwamba alikuwa ameanza kuahidi mashamba ya Laikipia kabla hata Wamaasai hawajahama.

Sasa ndipo miaka 99 inapoingia. Sheria ya ardhi ya kikoloni ya 1902 iliruhusu serikali kuwapangisha walowezi mashamba kwa hati za hadi miaka 99. Sheria ya 1915 ikarefusha hadi 999. Hati hizo ni kati ya serikali na mlowezi. Fikiria nyumba ya ukoo ambayo mjomba ameitwaa kwa nguvu, akamfukuza bibi, kisha akapangisha vyumba. Muda wa mpangaji ukiisha, chumba kinarudi kwa mjomba. Bibi akisimama mlangoni akiwa na nakala ya hati ya mpangaji, ataambiwa jina lake halimo. Akitaka nyumba, inampasa adai jinsi mjomba alivyoipata, si lini mpangaji anatoka.

Ndiyo maana maandamano ya Agosti 2004, miaka mia baada ya Naivasha, yalikwama mapema. Vijana na wazee walipeleka madai yao serikalini na kwa ubalozi wa Uingereza, wengine wakaingiza mifugo mashambani. Serikali ikajibu kwamba hati zile ni za miaka 999. Polisi wakatumwa, na mzee mmoja akauawa kwa risasi. Hoja ya muda ilijibiwa kwa muda mrefu zaidi, na mjadala ukafungwa bila mtu kulazimika kujibu swali la 1904.

Tena hesabu hiyo imebadilika tangu hapo, na wengi hawajaiona. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, tena kwa miaka isiyozidi 99. Waliokuwa na hati za 999 au umiliki wa moja kwa moja walikatwa: ardhi ikarudi kwa Jamhuri kwa niaba ya wananchi, nao wakawa na haki ya kukodi kwa miaka 99 kwa kodi ya jina tu. Kuhesabu kulianza Agosti 2010. Kwa hiyo kwa wageni hao, ile "miaka 99" maarufu itaisha 2109, na ikiisha ardhi iko mikononi mwa Jamhuri. Kwa mwenye shamba ambaye ni raia wa Kenya, awe mweupe au mweusi, kifungu hiki hakimgusi hata kidogo.

Taifa la kutia saini, si taifa la kushtaki

Sehemu hii ndiyo inayonishangaza kila ninaporudi kuisoma. Wamaasai hawakukaa kimya. Mwaka 1912, Wamaasai kadhaa, ambao kesi yao inajulikana kwa jina la Ole Njogo, walimwajiri wakili Mwingereza na kuishtaki serikali. Walidai kwamba waliotia saini 1911 hawakuwa na idhini ya kuwatoa watu Laikipia, kwamba mkataba wa 1904 ungali hai, na kwamba walipwe mifugo yao iliyopotea. Kwa jamii iliyokuwa chini ya utawala wa kikoloni, tena wakati ule, hii ilikuwa hatua ya ajabu.

Mahakama Kuu iliamua Mei 1913, na mahakama ya rufani ikaafiki Desemba mwaka huohuo. Haikusema kwamba Wamaasai waongo. Haikusema kwamba mkataba wa 1904 haukuvunjwa. Ilisema kwamba nchi hii ni himaya ya ulinzi, si koloni; kwamba Wamaasai si raia wa mfalme wa Uingereza bali ni watu wa taifa la kigeni lililo chini ya ulinzi wake; kwamba makaratasi yale ni mikataba ya kidola; na kwamba serikali ikishughulika na taifa la kigeni inafanya tendo la dola, ambalo mahakama za kawaida haziwezi kulihoji. Nendeni zenu.

Ukiitazama kwa utulivu utaona mtego wake. Wamaasai walihesabiwa kuwa taifa lenye mamlaka kiasi cha kuweza kuitoa ardhi kwa saini, lakini utaifa huohuo ukawa sababu ya kuwafungia mlango wa mahakama. Wakati huo "taifa la kigeni" hilo lilikuwa likilipa kodi ya vibanda kwa serikali ya Nairobi na kuamriwa na maofisa wake lichungie wapi. Lingekuwa taifa kweli, lingeweza kwenda wapi na malalamiko yake? Njia ya rufaa hadi Baraza la Mfalme London haikufuatwa hadi mwisho.

Linganisha na mkataba mwingine wa zama zilezile. Mwaka 1895 Uingereza ilikubaliana na Sultani wa Zanzibar kuutawala Mwambao, ule ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya, na ikaendelea kumlipa kodi ya mwaka hadi ulipokaribia uhuru. Ulipofika 1963 pande zote ziliketi, barua zikaandikwa, na mamlaka ya Sultani juu ya ukanda ule yakahitimishwa rasmi. Watu wa Pwani wana manung'uniko yao kuhusu jinsi ilivyofanyika, na hayo ni makala nyingine, lakini angalau mtu alikumbuka kwamba kulikuwa na mkataba. Wamaasai waliibua wa kwao kwenye mkutano wa Lancaster House, London, wa kuandaa uhuru wa Kenya mwaka 1962, na Waingereza wakakataa kuuzungumzia kama deni lao.

Kwa hiyo si kweli kwamba mikataba ya aina hii hufa kifo cha kawaida. Nyuzilandi ilikuwa na mkataba wa Waitangi wa mwaka 1840 kati ya Uingereza na Wamaori, uliopuuzwa kwa zaidi ya karne. Mwaka 1975 Bunge likaunda baraza maalumu la kusikiliza jinsi ulivyovunjwa, na fidia zikaanza kulipwa. Kanada iliandika haki za mikataba kwenye katiba yake ya 1982. Uhai wa mkataba wa zamani hutegemea kama dola la leo limefungua mlango wa kuusikiliza.

Mlango wa Arusha

Hapa Afrika mlango uliofunguka ni mwingine kabisa, nao haukupitia mikataba ya zamani ya namna hii. Umepitia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa 1981. Neno "watu" humo lina uzito: linaipa jamii nzima haki, si mtu mmojammoja tu.

Hapa inabidi tulikabili lile swali la nani si mwenyeji. Tume ya Afrika, inayosimamia mkataba huo, imelijibu zamani: ndiyo, Waafrika wote ni wenyeji wa Afrika, na hakuna anayelipinga hilo. Jamii asilia, kwa maana ya sheria, hazitafutwi kwa kuuliza nani alifika kwanza barani. Huangaliwa kama jamii inajitambua hivyo na wengine wanaitambua hivyo, kama uhai na utamaduni wake vimefungamana na eneo mahususi ililolikalia na kulitumia tangu zamani, kama imeendelea kwa hiari kuishi kwa namna yake, na kama imesukumwa pembeni na dola au jamii kubwa. Kabila kubwa lenye mawaziri na mabenki linaweza kuwa la zamani kabisa mahali lilipo na bado lisihitaji kinga hii.

Waogiek wa msitu wa Mau ndio waliolipima jambo hili hadi mwisho. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 kuhama msituni. Malalamiko yakaenda kwa Tume, Tume ikaipeleka Kenya kwenye Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha. Serikali ilijitetea kwamba Waogiek wa leo si wale wa zamani, wanalima na kufuga kama majirani zao, na kwamba msitu lazima ulindwe. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikawapa Waogiek ushindi. Ilisema kubadilika kwa maisha hakumvui mtu uasilia wake, na kwamba uharibifu wa Mau haukuletwa na Waogiek, hivyo kuuhifadhi si sababu ya kuwafukuza. Juni 2022 ikaagiza fidia ya jumla ya shilingi za Kenya milioni 157.85, na muhimu kuliko fedha, ikaagiza ardhi yao ipimwe na wapewe hatimiliki ya pamoja. Waendorois wa Ziwa Bogoria walikuwa wametangulia kupata uamuzi kama huo kutoka kwa Tume, uliotangazwa 2010, baada ya ardhi yao kufanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1973.

Kisha, Novemba 2023, Waogiek wa Sasimwani upande wa Narok wakabomolewa nyumba zao. Mahakama ya Arusha haina polisi wala dalali wa kukamata mali. Hukumu yake inamfunga mshindwa kisheria, lakini utekelezaji unabaki mikononi mwa huyohuyo mshindwa. Watu wakiona hivyo husema basi hukumu haina maana. Mimi siendi mbali hivyo: kabla ya 2017 Mwogiek alikuwa "mvamizi wa msitu" kwenye barua za serikali, na leo serikali inayombomolea ndiyo iliyo kinyume cha sheria. Hilo halijengi nyumba, lakini linabadilisha nani anayetakiwa kujieleza.

Upande wa Tanzania mambo yamekuwa magumu zaidi. Serikali ilipiga kura ya ndiyo kwa Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za jamii asilia mwaka 2007 (Kenya haikupigia upande wowote), ila nyumbani haikubali kwamba kuna jamii ya namna hiyo nchini. Nako kuna karatasi: mwaka 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia saini kuondoka magharibi mwa Serengeti, na mwaka uliofuata wakaahidiwa kuendelea kuishi Ngorongoro, gavana akitamka kwamba maslahi ya watu na ya wanyama yakigongana, ya watu yatangulie. Anayetolewa Ngorongoro na kuhamishiwa kijiji cha Msomera, mkoani Tanga, leo anaikumbuka ahadi hiyo, kwa sababu babu yake aliipata kwa kuachia Serengeti.

Turudi Laikipia, kwa sababu Kenya iliandika kitu ambacho wachache wamekisoma. Sheria ya Tume ya Taifa ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inaruhusu tume hiyo kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi zilizotokea kati ya tarehe 15 Juni 1895 na 27 Agosti 2010. Inataja chanzo cha dhuluma hizo kimoja kimoja, na kimojawapo ni mkataba au makubaliano ya kabla ya uhuru kati ya jamii na serikali. Yaani 1904 na 1911 zimo, karibu kwa kutajwa. Inakubali pia madai ambayo mahakama za kawaida zisingeweza kuyasikiliza kwa sababu ya sheria za wakati ule, ambalo ndilo hasa lililomkuta Ole Njogo. Haimtaki mtu athibitishe kwamba hati ya mlowezi imeisha muda. Inamtaka athibitishe jinsi ardhi ilivyoondoka.

Ila sheria hiyo iliwapa walalamikaji miaka mitano tu ya kupeleka madai, na mitano hiyo iliisha Septemba 2021. Bunge lililoweka kikomo hicho ndilo lenye uwezo wa kukibadilisha, na mwaka 2025 sheria hiyo ilirekebishwa tena.